Mti Usiopatikana Pengine

Tumemzika Mama Felista huko Chita, nyumbani kwa mwanawe, na padri alisema mengi mazuri juu yake, yote ya kweli. Alikuwa mkarimu, alilea watoto wasio wake, hakuwahi kumwacha mgeni alale na njaa. Kuna moja ambalo padri hakulisema kwa sababu hakulijua, nalo lilikaa kichwani mwangu tangu jeneza lilipoingia kanisani mpaka tulipokaa mkekani kula wali wa msiba: kwamba mama yule mwema alikuwa miongoni mwa watu walioumaliza mti ambao, kwa kadiri wataalamu walivyojua, haukuota mahali pengine popote duniani. Tena aliumaliza kwa upendo. Angeumaliza kwa uchoyo ningemkasirikia, yakaisha. Nimefundisha shule ya msingi hapa Ifakara miaka mingi, nimezoea kila kosa kulipatia mwenyewe na kumsimamisha mbele ya wenzake. Hili nimeligeuza huku na huku miaka yote na sijampata wa kumsimamisha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa binti aliyemaliza kidato cha nne, nikingojea matokeo ambayo kila mtu, mimi nikiwamo, alijua yatakuwa ya wastani. Kijiji chetu kilikuwa kwenye njia ya kutoka Mang'ula kuja Ifakara, milima nyuma, miwa upande mmoja, mpunga upande mwingine. Kando ya kijito ulikuwa umebaki ukanda wa msitu, mwembamba kiasi kwamba ukiwa ndani yake unawasikia watu wa pande zote mbili wakiongea mashambani. Hifadhi ya taifa ilipowekewa mipaka, ukanda ule uliachwa nje, ukawa wa kijiji. Tulikata kuni humo, tukaokota uyoga, na kila msimu mtu mmoja alisogeza shamba lake hatua kidogo ndani. Hakuna aliyewahi kuusifia msitu ule, kama mtu asivyosifia ukuta wa jikoni. Kisha akaja Tumaini.

Alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka Dar es Salaam, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele fupi, suruali, mabuti ya mpira. Kisimani walimaliza wiki nzima wakijadili ile suruali. Alitafuta msaidizi anayejua kuandika na asiyeogopa siafu, mwenyekiti wa kijiji akanitaja mimi, na tukapangishwa pamoja chumba kimoja nyumbani kwa Mama Felista. Nyumba ile naiona hata sasa nikifumba macho. Sebule ilikuwa na viti vinne vya mbao, kila kimoja na kitambaa chake cha kufuma, picha ya Moyo wa Yesu, na kalenda ya parokia ya mwaka uliopita ambayo haikutolewa kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri. Kuta za vyumba hazikufika juu. Ziliishia kwenye usawa wa kichwa cha mtu mrefu, na kutoka hapo mpaka kwenye bati ilikuwa hewa tupu. Kwa hiyo nyumba ile haikuwa na siri. Ukikohoa sebuleni, wa chumbani anakuambia pole. Tumaini alikausha majani na matawi yake ndani ya magazeti, akayalaza chini ya godoro ili yanyooke, na chumba chetu kikawa kinanuka nyasi na wino. Jioni tulikula sebuleni, wali na kambale mkavu, au kisamvu cha karanga, na Mama Felista alikuwa na tabia ya kumwongezea mtu chakula huku anamwuliza maswali, ukishtuka umeshiba na umeeleza mambo yako yote.

Siku ya kwanza Tumaini aliponionyesha mti wenyewe nilivunjika moyo. Nilidhani tunatafuta kitu kikubwa. Kilikuwa kichaka cha urefu wa mtu, kimejikalia chini ya kivuli cha miti mikubwa pale kwenye unyevu wa kijito. "Hii si kahawa?" nilimwuliza, maana tulikiita hivyo, kahawa ya msituni, na hakuna aliyekinywa. "Ni ndugu yake," alisema, "lakini ndugu ambaye hakuwahi kutoka nyumbani." Akanifundisha kukitazama. Majani yalikaa mawili mawili, yakitazamana, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Ukiligeuza jani, kwenye pembe ambapo mishipa midogo inaachana na mshipa mkuu, kulikuwa na vishimo vidogo mno, na humo, alisema, wanaishi wadudu wasioonekana kwa macho wanaolinda jani wakilipwa nyumba. Matunda yalikuwa meusi, na ndani punje mbili zilizobanana matumbo. Maua hatukuyaona, yalisubiri mvua ya kwanza. Na juani kichaka kile hakikuweza kuishi. Ukiikata miti mikubwa iliyokifunika, huna haja ya kukigusa, kitakauka chenyewe. Ndiyo maana Tumaini alikuwa na haraka. Mashamba yalikuwa yanasogea, na alitaka jambo moja tu kabla ya kurudi Dar: kijiji kikubali, kwa kauli yake chenyewe, kuuacha ukanda ule usilimwe. Alisema kama kijiji hakitaki, hakuna karatasi ya serikali itakayousaidia.

Nilimpenda, niseme hivyo waziwazi. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamke anayepiga magoti matopeni kutazama kitu kisicholiwa wala kuuzwa, na kusimama akiwa na furaha. Nilianza kujiona mimi ndani ya yale mabuti.

Mama Felista naye alimpenda, kwa njia yake. Mwanawe Felista alikuwa ameolewa na mtu wa kiwanda cha sukari, ndoa ya kanisani, miaka imekwenda na hakuna mtoto. Mume alikuwa ameanza kulala kwingine, na ndugu zake walikuwa wameanza kusema. Felista alikuja kutusalimu mara nyingi mwaka ule, na kila safari alikaa siku nyingi zaidi, na hakuna aliyemwuliza anarudi lini. Alikuwa mcheshi, aliniita mdogo wangu, alinisuka nywele. Siku moja wakati wa chakula, Felista akiwa jikoni, Mama Felista alimweleza Tumaini yote bila kuficha. "Wanasema mficha uchi hazai, mwanangu. Wewe umesoma, labda unajua cha kutusaidia." Tumaini alimwambia ampeleke hospitali hapa Ifakara, tena waende wote wawili, mke na mume. Mama Felista alicheka kidogo. Mume kupimwa lilikuwa jambo la kuchekesha.

Katika mazungumzo hayohayo ndipo Tumaini aliposema yale maneno. Aliyasema kwa fahari, akitaka mama wa watu ajisikie vizuri juu ya mahali pake. "Mama, huu mti wenu tumeutafuta milimani, tumeutafuta Mahenge, tumeutafuta mpaka pwani. Haupo. Mungu ameupanda hapa kwenu tu." Mama Felista aliacha kupakua. "Hapa tu?" "Hapa tu." Usiku ule, juu ya ukuta, nilimsikia akimwambia Felista kwa sauti ya chini, kwa uangalifu, kama mtu anayehesabu vizuri: "Kitu ambacho Mungu amekiweka mahali pamoja hawezi kukiweka bure. Kama kingekuwa cha bure angekitupa kila mahali, kama nyasi. Kina kazi."

Sijui kama kuna watu wengine wangefika hapo kutoka pale. Sisi tulifika mara moja, kijiji kizima, kwa sababu kesho yake neno lilikuwa kisimani. Na ukitaka kujua kitu kina kazi gani, unatazama shida iliyo mbele yako. Mwenye mgongo alisema ni cha mgongo, mwenye mtoto wa degedege alisema ni cha degedege, na Mama Felista alijua ni cha uzazi. Nilimweleza Tumaini niliyoyasikia. Alikuwa anafuta matope kwenye buti, akatabasamu. "Waache tu. Wakiamini ni dawa watautunza. Hujaona wazee wanavyochimba?" Nilikuwa nimeona, na alisema kweli. Kwetu mzizi wa dawa una adabu yake. Unaukaribia mti asubuhi, unauomba, unachimba upande wa jua linapochomoza na upande linapozama, unakata mzizi mmoja huku na mmoja kule, unarudisha udongo na kuukanyaga, na mti unaendelea na maisha yake. Kuna miti nyuma ya kanisa letu imechimbwa hivyo tangu enzi za Wajerumani na bado ina kivuli. Tumaini alijua hayo na akayategemea. Wala hakuwa mjinga, maana kwa mwaka mwingine wowote yangetosha.

Lakini kulikuwa na tepe. Ili kuvihesabu vichaka na kuvirudia bila kuchanganya, tulifunga kila kimoja utepe mwekundu wa plastiki shinani. Kazi ile niliifurahia. Msitu wenye giza ukawa na vidoa vyekundu kila upande, ukadhani ni sikukuu. Sasa, watu wa bonde lile walikuwa wameona miti ikitiwa alama tangu nikiwa mdogo. Walikuja watu wa mbao, wakapaka mininga rangi nyekundu, wakasema wanahesabu tu. Msimu uliofuata malori yalikuja. Walipaka mivule rangi, ikaenda. Mti ukitiwa alama nyekundu kwetu, unauaga. Hatukuwa na haja ya kufundishana hilo, lilikuwa kama kujua mawingu ya mvua.

Mkutano wa kijiji ulifanyika mbele ya ofisi, na ulikwenda vizuri kuliko ndoto zetu. Tumaini aliongea kwa heshima, akawaamkia wazee mmoja mmoja, hakutumia hata neno moja la kizungu. Mzee mmoja wa Kindamba, mvuvi wa zamani, alisimama akauliza swali moja tu: "Mtaubeba lini?" Tumaini akajibu, "Hatuubebi, babu. Unabaki hapahapa, ni wenu." Mzee akaitikia kwa kichwa, akakaa. Mwenyekiti akauliza nani anakubali ukanda usilimwe. Mikono yote ilinyooshwa, tukapigiwa makofi. Tumaini alinishika mkono kwa furaha. Tukiwa njiani kurudi, wanawake waliokuwa mbele yetu hawakujua tuko nyuma. "Anasema hawaubebi," mmoja alisema. Mwenzake akamjibu, "Na ile mininga nayo tuliambiwa nini?" Wakacheka bila hasira. Tumaini alisikia kama nilivyosikia, ila yeye hakuwapo zama za malori, na maneno yale yalimpita.

Mvua za kwanza zilinyesha, na asubuhi ya siku ya pili tukaamshwa na harufu. Ilikuwa tamu, karibu na yasmini, na ilikuwa imefika mpaka jikoni kwa Mama Felista, juu ya moshi. Tulikimbia bila kunywa chai. Vichaka vyote vilikuwa vimechanua pamoja, maua meupe yamebanana kwenye matawi mpaka majani hayaonekani, nyuki wanalia kama mashine. Tumaini alinieleza kwamba lazima vichanue pamoja, kwa sababu ua la mti ule haliwezi kujizalisha. Unga wa ua la kichaka kimoja hauna maana kwa kichaka chenyewe. Lazima nyuki autoe kwa jirani. Na maua hayadumu, kesho yake yanakuwa kahawia. Tulikaa mle mpaka mchana tukisahau njaa. Sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri namna ile, na kilikuwa nyuma ya shamba la mpunga nililopalilia utoto wangu wote.

Ni harufu ile ndiyo iliyowaonyesha watu kwamba dawa imeiva. Tumaini alikuwa na safari ya kwenda Morogoro mjini kwa ajili ya ofisi yake, akaenda na basi, mimi nikaenda naye kubeba mafurushi. Tuliporudi tulipita msituni kwanza, na mabegi yetu mgongoni. Palikuwa na mashimo. Udongo haukurudishwa, mizizi ya miti mikubwa imeachwa wazi, na tepe nyekundu zimetawanyika chini, kwa sababu hakuna anayechemsha plastiki. Hawakuchukua mzizi wa mashariki na wa magharibi. Waling'oa kila kitu, shina na vyote, kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba malori yako njiani na kitakachobaki kitabebwa kwenda Dar. Adabu ya kuchimba ni ya mti ambao kesho utaukuta. Tulitembea kutoka utepe hadi utepe. Tumaini alikuwa anaziokota na kuzitia mfukoni.

Mama Felista alitupokea kwa furaha, akatuchinjia kuku. Tumaini alikaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, sahani magotini, hakula. Felista alikuwepo, ana uso mng'avu, anatembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Baada ya chakula Mama Felista aliingia jikoni, akarudi na kikombe cha bati kimefunikwa na kisahani. Alikishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu," alimwambia Tumaini, "nawe usinichukulie vibaya. Nimekutazama miezi yote hii. Umri unakwenda na huna mtoto, wala hulalamiki. Nilipomchimbia Felista nilisema, siwezi kumsahau aliyetuonyesha. Nimekutengea."

Ndani ya kikombe kulikuwa na maji ya rangi ya chai ya rangi. Tumaini alikitazama. "Mzizi umeutoa kwenye kichaka gani, Mama?"

"Kile kikubwa, karibu na jiwe. Chenye utepe." Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejua amefanya kazi nzuri, "Nimeutoa wote, maana ningeuacha wangeuwahi wengine. Kunywa, usiogope, mimi mwenyewe nimeonja."

Nimewasikia watu wakisimulia ujasiri wa vita na wa uzazi. Mimi ujasiri nilioushuhudia ni ule. Tumaini alimtazama yule mama usoni, akakipokea kikombe kwa mikono miwili kama kilivyotolewa, akanywa mpaka mwisho. Akasema, "Asante, Mama." Mama Felista akaitikia, akambusu kwenye paji la uso, akachukua kikombe. Juu ya ukuta nilimsikia akimwambia Felista, "Amekunywa wote." Tumaini alikuwa amelala amegeukia upande wa ukuta, na najua alisikia, kwa maana katika nyumba ile hapakuwa na mtu asiyesikia. Nililia mimi. Yeye sikumsikia akilia.

Kabla ya kuondoka alinipeleka mahali pamoja ng'ambo ya kijito, kwenye miiba, ambapo hatukuwa tumefika mwanzoni. Palikuwa na kichaka kimoja, kidogo, kizima. Nilikuwa na utepe mfukoni, nikautoa kwa mazoea. "Usiufunge," alisema. "Na usimwambie mtu." Alikata vitawi vichache, akavitia kwenye gunia bichi, na baadaye nilisikia kwamba havikushika. Hakurudi tena. Miaka kadhaa baadaye mtu aliniambia anafanya kazi ofisini, mambo ya vibali, na nikasema vizuri, ingawa nilijisikia kama nimeambiwa habari za kifo. Ukanda wa msitu ulilimwa misimu michache baadaye, isipokuwa ng'ambo kule kwenye mawe ambako trekta haiwezi kufika. Hakuna aliyevunja ahadi. Mkutano uliahidi kuacha msitu kwa ajili ya ule mti, na mti haukuwepo.

Ndoa ya Felista ilivunjika hivyohivyo. Baada ya hapo akaolewa Chita na mjane mkulima wa mpunga, akamzalia watoto watano mfululizo. Mtu yeyote mwenye akili anaona tatizo lilikuwa la nani tangu mwanzo. Mama Felista hakuliona hivyo hata siku moja. "Dawa ilichelewa tu," alikuwa akiniambia kila tulipokutana, anacheka, mjukuu mgongoni. "Ule mti ndio ulionipa hawa." Nilijaribu kubishana naye mara moja, na sura yake ilivyobadilika nikaacha. Ningemwondolea nini na kumpa nini? Mimi nilipoanza kufundisha, kila mvua za kwanza nilikwenda ng'ambo ya kijito. Kichaka kilichanua kila mwaka kwa uaminifu, cheupe chote, nyuki wakaja, maua yakawa kahawia yakaanguka, na hakikuwahi kushika tunda hata moja. Nilikuwa nakaa pale nasema nacho. Nikaja nikaolewa, magoti yakaanza kuuma, mwaka mmoja sikwenda, na wa pili ukawa rahisi zaidi. Kuna mabango mazuri siku hizi barabarani, yanasema tutunze misitu. Nikiyapita hutazama upande wa pili.

Siku ya tatu ya matanga, wanawake wengi walipokuwa wameshatawanyika, Felista aliniita nyuma ya nyumba. Amezeeka vizuri, sauti ileile. Alikuwa amekaa na mkwewe, binti mpole aliyeolewa na mwanawe wa kwanza, naye alikuwa ameinamisha kichwa anachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

"Mdogo wangu," Felista alisema, "marehemu alitaka niseme na wewe, akaondoka kabla hujafika. Huyu mwanangu ana mwaka wa sita tangu aolewe, hajapata mtoto. Huko kwao wameanza maneno. Wewe ulitembea na yule dada, kila kichaka ulikijua. Haukubaki hata mmoja?"

Yule binti aliinua macho. Alikuwa na uso uleule ambao Felista alikuwa nao kwenye sebule ile, akisikiliza kilichokuwa kikisemwa juu ya ukuta.

"Mpelekeni hospitali," nilisema. "Waende wote wawili."

"Wamekwenda," alisema Felista. "Nimekuuliza mti."

"Umekwisha, dada."

Binti alirudi kwenye mchele wake, na jinsi alivyokaa nilijua hakuniamini, nilijua amenichukua kuwa mtu mwenye chakula aliyefunga mlango. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha juma lile. Sikuwa nimekwenda kutazama, na hadi leo sijakwenda, kwa hiyo sijui kama nilimdanganya.